Hakuja, au Alirudishwa?

Kabla serikali haijatangaza mwaka 2019 kwamba shule za msingi za umma ni bure, sisi wa Mapendo tuliyaona haya mara nyingi. Mtoto afika asubuhi, kaptula imefuliwa, madaftari kwapani. Aambiwa arudi nyumbani, kwani minervali haijalipwa. Kisha mwalimu aandika katika kitabu cha mahudhurio: hayupo.

Je, ameandika kweli?

Mtu atajibu: kitini hayupo. Naam, lakini amri ya nane haikatazi uongo wa mdomo peke yake. Kalamu nayo hushuhudia. Kitabu kile chamsingizia mtoto utoro, naye alitangulia kengele.

Wala si kwetu tu. Katika vijiji vya Uingereza, karne ya 19, watoto walipeleka peni za shule kila juma, na wasio nazo pengine walirudishwa. Tena tangu 1862 serikali ilitoa fedha kwa kuangalia mahudhurio na mtihani, basi mwalimu alikuwa na sababu ya kuipenda alama ya “yupo” kuliko ukweli. Mwaka 1891 ndipo wengi waliponea malipo yale.

Wengine husema: kwa huruma, angeandika yupo. Hata! Asiyesoma angehesabiwa amesoma, na nani angemtafuta? Sisi twaona angeandika pembeni maneno mawili: alikuja, akarudishwa. Mkuu wa shule akifungua kitabu, ayakute. Nafasi pembeni ilikuwapo.