Mbwa Koko na Mkono wa Mwanaadamu

Huko Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi linaloitenga Kariakoo na Magomeni, mbwa koko huishi kwa makombo ya mji. Mtu akiinama, ijapokuwa afunga kamba za kiatu tu, mbwa hutimua mbio. Jiwe halijaokotwa, naye ameshaliona. Kwamba ana akili, hilo si la kubishaniwa. La kuulizwa ni nani aliyemfundisha somo hilo.

Mwaka 2020 Anindita Bhadra na wenzake walichapisha utafiti juu ya mbwa wa mitaani nchini India, wasio na bwana wala mafunzo. Miongoni mwa waliothubutu kusogea, wengi walikiendea chombo walichoonyeshwa kwa kidole na mtu wasiyemjua. Wengine hawakusogea kabisa, wasiwasi uliwazuia. Mkono ule ule una maana mbili kwa mbwa: huelekeza chakula, na hurusha jiwe.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, Alexandra Horowitz wa New York aliuchunguza ule uso wa mbwa ambao watu huuita uso wa majuto. Ulionekana zaidi pale bwana alipokaripia, hata kama mbwa hakukigusa kilichokatazwa. Kinachodhaniwa kuwa ni toba, kumbe yumkini ni mbwa kuisoma ghadhabu ya bwana wake. Basi mwanaadamu humhukumu mbwa kwa hofu aliyomtia mwenyewe, kisha akaiita hofu hiyo ushahidi wa kosa.

Watu wa pwani wana hoja yao, nayo ni nzito. Katika madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wahenga nao walionya kuwa mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Lakini hukumu ya kuosha ni ya chombo. Haikumpa mtu ruhusa ya kutesa. Katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe madhambi. Kujitenga na mate ni twahara, kumpiga asiyekosa ni dhulma. La kwanza hutimia bila ya la pili.

Atasema msemaji: kichaa cha mbwa huua. Ni kweli, na hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo Pemba, ugonjwa uliporejea mwaka 2016 baada ya kutoweka, uliondoshwa tena kwa kuwachanja mbwa. Jiwe halijapata kumponya mtu.

Mbwa hana ulimi wa kushitaki wala baraza la kumsikiliza. Alicho nacho ni mwendo wake mbele ya watu: hapa husogea, pale hukimbia. Kila mtaa una mbwa wa namna yake, na mwenye kutaka kujua tabia ya watu wa mtaa huo aanze kwa kuwatazama mbwa wake.