Kazi kwa Chakula na Malazi: Ni Baraka au ni Kunyonywa?

Andiko la kusoma nyumbani: Mwanzo 29:14–20 na 31:36–42

Kama kuna mtu kwenye Biblia ambaye singependa awe mwajiri wa mtoto wangu, ni Labani. Lakini hata Labani, pamoja na ujanja wake wote, alijua jambo moja. Yakobo alikaa kwake mwezi mzima kama jamaa. Mwezi ulipoisha, Labani mwenyewe ndiye aliyeleta habari ya mshahara. Aliona haifai mtu amtumikie bure ati kwa sababu ni ndugu. Wazee wetu nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. (Hawakusema umpe jembe mwaka mzima.) Ugeni una mwisho, na kazi ina hesabu.

Narudi kwa andiko hili kwa sababu ya swali lililotoka kwa vijana. Kuna mashamba ya kilimo hai, yaani yale yasiyotumia mbolea na dawa za viwandani, ambayo yanamkaribisha mtu afanye kazi bila kulipwa pesa. Anapewa kitanda, chakula na mafunzo. Mpango huu ulianza Uingereza mwaka wa 1971. Sue Coppard alikuwa sekretari mjini London, hana njia ya kufika mashambani, akapanga wikendi moja ya kazi kwenye shamba la Emerson College kule Sussex. Wikendi moja tu! Leo unaitwa WWOOF, umeenea nchi nyingi, na mtu hukaa wiki au hata miezi, kwa kawaida akifanya kazi saa nne hadi sita kwa siku.

Sasa kijana mmoja wa hapa kwetu Kaptembwo, aliyemaliza kidato cha nne, amepata nafasi ya namna hiyo, wiki sita. Yeye amefurahi. Mama yake alinifuata baada ya ibada.

"Pasta, mtoto wangu atamlimia mtu wiki sita arudi bila hata shilingi ya kodi ya nyumba. Huo si utumwa?"

"Mama, utumwa ni neno kubwa."

"Basi nipe dogo, Pasta."

Sikuwa nalo. Na huyu mama ana sababu ya kuuliza. Babu zetu wengi katika Bonde la Ufa, kuanzia Njoro hadi Molo, walikuwa maskwota. Sheria ya mkoloni ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka kwenye shamba la mzungu. Ujira ulikuwa mdogo. Kubwa alilopata ni ruhusa ya kuishi pale, kulima kipande na kuchunga mifugo yake. Sheria ya 1937 ikafungua njia ya kuongeza siku hadi 270 na kupunguza mifugo. Ukitazama kwa nje tu, ni mapatano yale yale: nipe mikono yako, nikupe mahali pa kulala.

Tofauti iko kwa mlango wa kutoka. Skwota angeenda wapi? Yakobo mwenyewe, baada ya miaka 20, ilibidi aondoke kwa siri. Mgeni kutoka Ulaya mwenye akiba benki akichoshwa na shamba anabeba mkoba anaenda. Kijana wetu akichoshwa, nauli iko wapi? Uhuru wa kuondoka unahitaji pesa mfukoni, na hili watu wenye pesa hulisahau haraka sana.

Halafu kuna ujuzi. Sipuuzi ujuzi. Taasisi ya kilimo hai ya KIOF imefundisha wakulima tangu 1986, Molo kuna Chuo cha Baraka, na Gilgil kuna Seed Savers wanaofundisha kuhifadhi mbegu za kienyeji. Kijana akirudi anajua kutengeneza mboji, kuchimba kitanda cha mboga na kuchagua mbegu, hata hapa kwenye ploti atapanda sukuma kwa gunia na jirani ataiga. Hapo amelipwa. Lakini akipalilia asubuhi hadi jioni wiki sita, hilo si somo, wapendwa. Hicho ni kibarua, na sheria yetu ya ajira ya 2007 inasema mshahara ni pesa, na nyumba ni juu ya mshahara.

Wengine wataniambia kijana anajitolea, na kujitolea ni kutakatifu. Mimi nauliza, ni nani anayelipia? Kuna akina mama wa mtaa huu wanaoamka saa kumi za alfajiri kutafuta kibarua cha kupalilia. Shamba likipata mikono ya bure, kuna mmoja wao ambaye hataitwa. Zawadi ya kijana imetoka kwa sahani ya watoto wa huyo mama. Yakobo 5:4 inazungumzia mshahara uliozuiliwa unaolia. Nadhani hata ule ambao haukupatikana kabisa unaweza kulia.

Sikumwambia mama amkataze mwanawe. Tuliketi tukaandika maswali manne ya kumpelekea mwenye shamba. Ni saa ngapi kwa siku? Atafundishwa nini, na nani? Akiugua au akitaka kurudi, nauli inatoka wapi? Na msimu uliopita, ni nani alipalilia hilo shamba, na leo anafanya kazi wapi?

Matatu ya kwanza alijibu kwa simu jioni hiyo hiyo, na alijibu vizuri: saa tano kwa siku, mboji na mbegu, na nauli ataiweka mkononi mwa kijana siku ya kwanza. La nne alisema atapiga tena. Mkoba umeshafungwa, na mama amesema utakaa mlangoni mpaka simu ilie.