Wanangu, Joto la Seva Halitibiwi kwa Kuflashi

Wanangu mnaofungua vibanda vya ufundi Mwanga, Gungu na kule Ujiji, nina neno nanyi, na silizungushi. Siku hizi seva ikichemka, jambo la kwanza kijana analoliwaza ni kuflashi. Anapakua bayosi mpya, anaiweka kwenye flashi, anaanza kazi. Tabia hii mmeizoea kwenye simu, ambako ukiharibu unaweza kumlipa mwenye mali yake. Seva ya zahanati, ya shule au ya SACCOS ni habari nyingine. Ndani yake mna hesabu za watu, na madabodi yake huipati dukani hapa Kigoma. Itatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, au itaagizwa nje kabisa, na siku zote hizo ofisi imekaa bila kazi.

Joto lenyewe linasema lilikotoka, mkilipa nafasi. Seva nyingi zina prosesa mbili. Fungua ukurasa wa vihisi joto, usome nyuzi za zote mbili zikiwa kazini. Ya kwanza ikisoma 55 na ya pili 95, basi bayosi usiishuku, maana bayosi ni moja na inazihudumia zote. Kosa liko juu ya ile ya pili: kipozeo kimekaa upande, skrubu imelegea, au pesti imekauka. (Tofauti ya nyuzi chache isikutishe; katika seva nyingine prosesa ya nyuma hupokea hewa iliyokwisha kupashwa na ya mbele.) Tazama na mwendo wake. Joto likiruka hadi 90 sekunde chache tu baada ya kuwasha, kipozeo hakigusani na prosesa sawasawa. Likipanda polepole kwa nusu saa, shida ni hewa: feni, vumbi, chumba.

Na vumbi la kwetu mnalijua. Kiangazi chote, Mei hadi Septemba, udongo mwekundu wa barabarani unahamia ndani ya mashine. Nimewahi kufungua seva iliyowekwa stoo, karibu na dirisha la barabarani, nikakuta mapezi ya kipozeo yamezibwa na tabaka jekundu nene kama blanketi. Chini yake pesti ilikuwa imegeuka unga, ukiigusa kwa ukucha inapukutika. Fundi aliyenitangulia alikuwa amekwisha kuiflashi, tena zaidi ya mara moja. Iliyoiponya ni brashi, blowa, spiriti na pesti mpya ya kufunika pale tu panapogusana. Skrubu za kipozeo zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo, kila moja kwa zamu yake. Na ukipuliza vumbi, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Lipo na hili la kuvua mfuniko wa seva ya raki na kuielekezea feni ya mezani. Acheni. Feni za ndani huvuta hewa kutoka mbele na kuipitisha kwenye mkondo wa plastiki hadi juu ya prosesa. Mfuniko ukitoka, hewa inatawanyika na prosesa inazidi kuchemka. Ikifika kikomo chake hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, na ndipo watu husema seva imekuwa nzito. Ikizidi hapo, inajizima.

Sisemi bayosi isiguswe kamwe. Agosti 2024 Intel ilitoa maikrokodi 0x129 kwa prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, ambazo zilikuwa zikiomba volti kupita kiasi na kuharibika. Dawa hiyo ilipitia kwenye bayosi, na kuiweka kulikuwa lazima. Lakini Januari 2018 Intel hiyohiyo iliwataka watu wasitishe kuweka maikrokodi iliyotolewa kuziba udhaifu wa kiusalama uitwao Spectre, kwa sababu mashine zilikuwa zinajizima na kujiwasha ovyo. Kwa hiyo someni maelezo ya toleo jipya. Kama hayataji tatizo lililo mbele yako, liache.

Ukishaamua kuflashi, ogopa umeme. Mji wetu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwa umeme hapa hakuhitaji kuelezwa. Kuflashi ni kufuta chipu na kuiandika upya. Umeme ukiondoka katikati, madabodi inaweza isiwake tena. UPS iwepo, na betri yake uwe umeijaribu mapema kwa mzigo mwingine. Jina la madabodi na namba ya toleo lake visome kwenye ubao wenyewe, usiamini boksi. Nakala ya bayosi ya zamani ihifadhi kabla hujagusa chochote.

Bandari yetu ina mfano wa kujiandaa mapema namna hii. Mwaka 1916, Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Goetzen ili isiangukie mikononi mwa adui, mafundi wake walizipaka mashine grisi nene kwanza. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi wale walifikiria kuibuka kwa meli kabla ya kuizamisha.

Kwenu ninyi, grisi hiyo ni ile nakala, pamoja na kifaa cha kuandikia chipu kama CH341A na klipu yake ya miguu minane. Someni namba ya chipu kabla ya kuibana, maana nyingine ni za volti 3.3 na nyingine za 1.8, na ukiipa ya 1.8 volti 3.3 unaweza kuiua. Kifaa chenyewe si ghali. Changeni, mafundi wa Mwanga, Gungu na Ujiji, mnunue kimoja kabla kiangazi hakijaingia, na kikae kwa mtu mnayemwamini wote.