Nani Ashuhudie Asili ya Mbajuni?

Septemba 2009, idara ya mipaka ya Uingereza ilianza kuwapima baadhi ya waomba hifadhi waliojitaja kuwa raia wa Somalia. Mate yalichukuliwa kwa ajili ya DNA; nywele na kucha kwa ajili ya isotopu, alama za kikemia zinazodokeza mtu ameishi wapi. Lengo lilikuwa kujua kama mtu ametoka Somalia kweli au nchi jirani. Wanajenetiki waliupinga mpango huo waziwazi, akiwemo Alec Jeffreys, mvumbuzi wa njia ya kumtambua mtu kwa alama za DNA. Kufikia 2011 ulikuwa umeachwa.

Mtu wa Kismayu au wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula angejibiwa nini na kipimo kama hicho?

Wabajuni ni watu wa mwambao mmoja, kutoka Kismayu, Somalia, hadi Faza na Kizingitini, Kenya. Mpaka unaowagawa ulichorwa na wengine: Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, eneo lenye Kismayu, mwaka 1925, na jamaa za ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili. Koo zao huhesabiwa kuwa kumi na nane, na baadhi hujinasibisha na Wagarre, Wasomali wa bara. Vita vya 1991 vilipowakimbiza hadi Mombasa na Ulaya, wengi hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha walikotoka. Damu yao ingeonyesha undugu na watu wa Lamu, kwa sababu upo. Ofisa anayetafuta kosa angeusoma undugu huo kama ushahidi kwamba mwombaji si Msomali.

Hapo ndipo swali la kifalsafa linapoanza. Jenomu ya binadamu ina herufi karibu bilioni tatu, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina la kabila wala nchi. Majina huwekwa na watu: mtaalamu hulinganisha herufi za mtu mmoja na za watu waliokwisha kupimwa, kisha husema anafanana na kundi fulani. Jibu haliwezi kuwa pana kuliko hazina ya kulinganishia. Mradi wa Jenomu 1000, uliokamilika mwaka 2015 ukiwa na watu zaidi ya 2,500 wa makundi 26, ulichukua kundi moja tu Afrika Mashariki yote, Waluhya wa Webuye. Pwani ya Kismayu haikuwamo.

Mfano bora wa kusoma kwa uangalifu ulitoka mwaka 2023, katika jarida la Nature. Watafiti, wakiwemo Chapurukha Kusimba, David Reich na Esther Brielle, walichunguza DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Waliona kwamba Waafrika na Waasia walianza kuchanganyika pwani hiyo kwenye mwaka 1000 hivi. Asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa wanawake, na ile ya Kiasia kwa wanaume ambao wengi wao walikuwa Waajemi. Simulizi za Washirazi, zisemazo kwamba mababu zao walitoka Uajemi, na zilizodharauliwa kwa miaka mingi, zikapata shahidi. Lakini mama Mwafrika, ambaye simulizi hizo humpitia haraka, akaonekana naye kuwa ndiye mwenye nyumba. Hilo ni jambo kubwa, na linastahili kufundishwa madrasa na shuleni.

Wanazuoni wa Kiislamu waliifikiria mipaka ya ushahidi wa DNA mapema. Mwaka 2002 Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), huko Makka, liliikubali DNA katika baadhi ya mizozo, kama vile watoto waliochanganywa hospitalini. Lilikataa itumike kukanusha nasaba ya mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa badala ya liani, yaani viapo vya mume na mke mbele ya kadhi. Kwa hiyo maabara hutoa ushahidi, bali nasaba ina msingi mwingine: ndoa, kukiri, na jamii inayojua nani ni mwana wa nani.

Kanuni hiyo inawafaa Wabajuni pia. Uraia hutokana na sheria na maisha: umezaliwa wapi, ukavua wapi, wazee wako wamezikwa kisiwa gani. Serikali inayompokea mkimbizi iwaulize hayo wazee wa Chula na Koyama walio hai bado, na iwasikilize kabla ya kuomba mate ya mtu yeyote.