Lakiri Tano za Kwihara

Mtu afungapo faili lake kwa neno la siri katika kompyuta za ofisi zilizounganishwa, humfungia nani? Aghalabu humfungia mwenziwe wa meza ya pili, tena mtu mwema. Je, kufuli baina ya wenza ni tusi?

Kwihara, jirani na Tabora, iliwahi kulikabili swali hili. Machi 1872 David Livingstone alimkabidhi Henry Stanley shajara yake aipeleke Uingereza. Aliipiga lakiri tano, akizigonga kwa sarafu ya dhahabu ya Marekani, anna, nusu anna na kipande cha rangi chenye nembo ya kifalme (mtu hutumia alichonacho), akaagiza isifunguliwe kabisa. Naye mchukuzi alikuwa mwandishi wa gazeti, mtu ambaye riziki yake ni habari! Lakini njia ya misafara ndivyo ilivyokuwa: siri ya mtu ilisafiri mabegani mwa wengine, hadi pwani. Lakiri haizuii mkono. Kisu kidogo chaitosha. Kazi yake ni kumnyima aliyeivunja nafasi ya kukana.

Oktoba 1873 Chuma, Susi na wenzao walifika hapo hapo na maiti ya Livingstone pamoja na masanduku yake. Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia marehemu, akachukua humo vyombo vya kupimia kwa safari yake mwenyewe. Nani kati ya wachukuzi angemkatalia? Cameron hakuwa mwizi. Alikuwa na cheo, alikuwa na haja, na mwenye mali hakuwapo.

Msimamizi wa mtandao wa ofisi husimama pale pale alipokuwa Cameron. Neno la siri humzuia karani. Yeye aweza kujipa ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hukataza kuingia kwenye kompyuta bila idhini, lakini yeye idhini anayo, na mipaka yake ni nadra kuandikwa. Ipo dawa ya kuyageuza maandishi yawe fumbo lisilosomeka bila ufunguo wa mwenyewe. Ni dawa ya haki, ingawa ina uchungu wake: ufunguo ukipotea, hata mwenye faili hasomi, na ofisi inapofungwa hivyo yote hakuna tena anayepewa amana.

Kwa hiyo lakiri yafaa ifuatane na kufuli. Kompyuta yaweza kuandika nani amefungua faili gani, siku gani, saa ngapi. Daftari hilo lisikae mikononi mwa msimamizi peke yake, na mwenye faili awe na haki ya kulisoma.