Yese Hakuwasahau Wanawe Kambini



Tufungue Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17, kuanzia mstari wa 12. Wengi wetu tunaisoma sura hii kwa ajili ya Daudi na Goliati. Leo tumtazame mzee Yese, baba wa nyumba. Wana wake watatu wakubwa, Eliabu, Abinadabu na Shama, wamemfuata mfalme Sauli vitani. Yeye ni mzee, hawezi kwenda nao. Je, alikaa tu na kulia? Hapana. Alipima nafaka ya kukaanga, akatoa mikate kumi, akaongeza jibini kumi kwa ajili ya mkuu wao, akamtuma Daudi aende kuwatazama kama wako wazima na kumletea alama kutoka kwao. Miguu yake ilibaki Bethlehemu, lakini moyo wake ulifika kambini.

Neno hili linatuhusu. Mwezi wa Novemba 2022, Rais wa Jamhuri, Félix Tshisekedi, aliwaita vijana waingie jeshini kwa ajili ya vita vya mashariki, na vijana wengi walipanga mistari ili waandikwe. Watoto wa nyumba zetu nao wanaondoka. Mmoja anapelekwa Kamina, mwingine Kotakoli, mwingine Kitona kule karibu na bahari. Mtoto wa Kivu anayepelekwa Kitona anavuka inchi yote. Sisi wazazi tufanye nini?

Jambo la kwanza: tutazame umri wake. Sheria ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumwingiza jeshini aliye chini ya miaka 18. Hatujasahau wale kadogo wa vita vya 1996 na 1997, waliobeba bunduki karibu kuwapita urefu. Na mwaka 2012 mahakama ya kimataifa kule Uholanzi ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 ya kifungo kwa sababu ya watoto walioingizwa vitani katika Ituri. Mzazi asiongeze mtoto miaka kwa mdomo wake. Tena tusimtoe mtoto kwa kundi lolote lenye bunduki nje ya jeshi la taifa. Katiba yetu inakataza makundi hayo.

Jambo la pili: tumbariki, tusimfunge hirizi. Wako watu wanaokuja usiku na kusema: leteni kuku na feza, tutampa mtoto dawa, risasi zitageuka maji. Mwaka 1964 Wasimba waliliamini jambo hilo, na risasi ziliwaua. Afazali baba na mama wasimame pamoja, hata kama hawasemeshani, wamwekee mtoto mikono juu ya kichwa, waombe. Kama kuna neno kati yake na ndugu yake, limalizwe siku hiyo. Mtoto asipande gari na mzigo wa hasira ya nyumbani.

Jambo la tatu: tufuate habari zake. Yese aliomba alama. Nasi tuandike jina la kambi na namba ya mtu wa kupitia, maana simu haipatikani kila siku. Kama anajua Kiswahili tu, aanze kujifunza Lingala mapema, kwa sababu ndiyo luga inayosikika sana jeshini. Tukipata nafasi ya kuzungumza naye, tusimwage machozi yote katika sikio lake. Tumwambie: tuko, tunakula, tunakuombea. Aliye katika mazoezi anahitaji nguvu. Huzuni yetu tuipeleke magotini. Jibini za Yese nazo zilikuwa heshima kwa mkuu, hazikuwa rushwa ya kuwaondoa wanawe katika mstari. Watatu hao walibaki mahali pao.

Jambo la ine ndilo kubwa, na hapa tunaomba kila nyumba isikie vizuri. Katika Luka 3, mstari wa 14, askari walimuuliza Yohana Mbatizaji: sisi tufanye nini? Hakuwaambia watupe silaha. Aliwaambia wasimnyanganye mtu, wasimsingizie mtu, na mshahara wao uwatoshe. Inchi yetu inajua uchungu wa neno hili likivunjwa. Mwezi wa Septemba 1991 na tena Januari 1993, askari wenye mishahara isiyofaa kitu walitoka na silaha wakapora maduka na nyumba, na wananchi walilala njaa.

Sasa tuulizane: mshahara wa askari mpya ni mdogo. Kama kila wiki simu kutoka nyumbani inalia mabati, inalia harusi, inalia televizioni, mtoto huyo atavitoa wapi? Atavitoa kwa mama anayepita kwenye barierre na mihogo yake. Mama huyo naye ni mama wa mtu. Mzazi anayepokea kitu bila kuuliza kimetoka wapi anashiriki zambi ile, na matoleo yake hayana harufu nzuri mbele za Mungu. Yese hakutuma Daudi kuchukua ngawira. Alituma mikate. Chakula kilitoka nyumbani kwenda kambini.

Basi tumwambie mtoto wazi kabla hajaondoka: hatukudai kitu. Rudi na mikono safi, hiyo ndiyo zawadi yetu. Tumwambie pia amtii komanda wake, lakini Katiba, kifungu cha 28, inasema hakuna anayelazimishwa kufuata amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Kumuua raia asiye na silaha, kumshika mwanamke kwa nguvu, hiyo si amri ya kufuata. Kornelio wa Matendo 10 alikuwa akida, na sala na sadaka zake zilifika mbinguni. Kambi haimzuii mtu kumjua Mungu.

Na wewe jirani, usiwaache wazazi hao peke yao. Shamba lao lina mkono mmoja pungufu. Nenda na jembe.

Mungu awalinde watoto wetu, na kila mwanainchi watakayekutana naye. Amina.