Je, Ni Halali Kuigiza Vita Mbele ya Waliopigana?

Mwaka jana hapa Iyunga wanafunzi wetu walitengeneza mchezo wa kuigiza habari za vita vya Kagera, vilivyopiganwa 1978 na 1979. Bunduki zao zilikuwa mabua ya mahindi. Walipiga mayowe, wakaanguka ovyo, na wazazi wakacheka sana. Mzee mmoja aliyefika Uganda katika vita vile aliinuka katikati ya mchezo akaenda zake. Na mjukuu wake, aliyekuwa amelala chini kama maiti, alimwona akiondoka. Tangu siku ile twajiuliza: je, ni halali kumwonyesha mtu jeraha lake mbele ya majirani na watoto wake?

Wako wasemao kwamba si halali. Vita vimekwisha, husema, na aliyenyamaza aachwe na kimya chake. Neno hili hatulidharau. Lakini huku kwetu twajua pia hasara ya kimya. Wale waliobebeshwa mizigo ya Wajerumani na Waingereza katika vita vya 1914 hata 1918 wamekwisha kufa wote, na wengi walikwenda kaburini na maneno yao. Wajukuu wao hawajui hata njia walizopita.

Kwa ajili hiyo tumeyafikiri mambo yaliyotendeka Kamirithu, karibu na Limuru, katika nchi ya Kenya. Kijiji kile kilizaliwa na vita, maana katika siku za hali ya hatari, iliyotangazwa 1952, serikali ya Waingereza iliwakusanya watu kwa nguvu wakae chini ya ulinzi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mtoto wa pande zile. Mwaka 1955 alirudi likizo kutoka shule ya Alliance, asiwaone watu wake mahali alipowaacha. Kijiji kilikuwa kimebomolewa, na ndugu yake yuko msituni pamoja na Mau Mau.

Mwaka 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walitunga kwa Kikikuyu mchezo uitwao Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Ni habari za Kĩgũũnda, mkewe Wangeci na binti yao Gathoni, wenye ekari moja na nusu tu. Tajiri mmoja, mtu wa kanisani sana, anawahimiza wafunge ndoa ya kanisani. Wanakopa fedha za harusi, shamba linawekwa rehani, nalo linapotea. (Sisi Wakristo tusinune tuusomapo, yafaa kujua jinsi wengine wanavyotuona.)

Wachezaji walikuwa wakulima na vibarua wa Kamirithu wenyewe. Walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa, wa watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanywa wazi, na kila aliyekuja kutazama aliweza kuwakosoa wachezaji palipokuwa na uongo. Nyimbo zilikuwa zao, hata mtazamaji hakuwa mgeni. Na zile bunduki za bandia zilitengenezwa na mtu yule yule aliyewatengenezea Mau Mau bunduki za kweli! Fikirini mikono ile ikirudia kazi yake baada ya miaka ishirini na zaidi, watoto wakitazama. Mtu yule hakuletewa jeraha lake na wengine; alilileta mwenyewe, kwa kipimo chake.

Serikali ilifuta ruhusa Novemba 1977. Ngũgĩ alikamatwa 31 Desemba, akafungwa karibu mwaka mzima bila hukumu, na ukumbi ulibomolewa 1982. Mchezo ulichezwa tena Nairobi 2022.

Hapo ndipo tulipoliona kosa letu. Tulitwaa habari za mzee yule tusimwulize hata neno moja. Tulikwenda kwake, tukamwamkia, tukaomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akatuambia kwamba bunduki haishikwi vile.

Jioni ya Ijumaa alikuja shuleni kwa mguu. Alitupa yale mabua, akawapa watoto vipande vya mbao, akawafundisha kutambaa, na jinsi ya kumbeba mwenziwe aliyeumia. Hakuna aliyecheka. Ilipofika zamu ya kuchagua atakayelala maiti, mjukuu wake alijitokeza kama mara ya kwanza. Mzee akasema, “Wewe hapana.” Akamsimamisha kando yake, akamshika bega, wakatazama pamoja hata giza lilipoingia.